Mpaka Njo Mpaka

Jirani yangu hajawahi kuusogeza uzio wetu kwa mkono wake. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe atakuambia hivyo hivyo ukimuuliza, na atakuwa anasema kweli. Ukweli wake huo ndio ulionifanya nimchukie kuliko nilivyowachukia waliotufukuza Burundi. Wale walifanya walichofanya, wakaonekana. Huyu hakuna siku ameonekana akifanya chochote.

Ni fundi cherehani kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa letu, mwanamume mnene mwenye sauti laini, futi ya kitambaa ikining'inia shingoni tangu anapoamka. Nyumba yake na ya mama yangu zimepeana migongo hapa kambini Dzaleka. Mlango wake unatazama njia ya soko, wetu unatazama njia ya kisima, na kati ya migongo hiyo miwili upo uzio wa matete. Ukitaka kutoka kwake kuja kwetu kwa heshima, ni kuuzunguka mstari mzima wa nyumba hadi kisimani, kisha kupanda.

Mama ndiye aliyefika kambini kwanza, akapewa kiwanja, akajenga. Mimi nilikuwa Lilongwe, mtaa wa Kauma, nikiuza vitenge. Ilipotangazwa kwamba wakimbizi wote turudi kambini, nilikunja biashara nikarudi kwa mama na vitu viwili vya thamani: kompyuta iliyolegea bawaba na tasnifu iliyofika nusu. Kwetu nilikuwa mwalimu wa fizikia, ndiyo maana hapa naitwa mama mwalimu, na nilikuwa nimeanza kusoma shahada ya pili kwa mtandao.

Tasnifu yenyewe ilikuwa juu ya mipaka iliyomo ndani ya sumaku. Watu hudhani sumaku ni kitu kimoja kilichokubaliana. Ndani yake kuna maeneo madogo madogo, na katika kila eneo atomu zimeelekeza vichwa upande mmoja. Eneo la jirani limeelekeza kwingine. Pale yanapokutana pana mpaka mwembamba, na mpaka huo unasogea. Ukiweka sumaku nyingine nje, eneo linalokubaliana nayo linataka kupanuka, basi linausukuma mpaka umle mwenzake. Kinachouzuia ni kasoro zilizotawanyika ndani ya chuma: punje ya uchafu hapa, ufa kidogo pale. Mpaka unanasa humo kama kitenge kwenye miiba.

Mwanafunzi yeyote ataelewa kwamba msukumo mkubwa utaung'oa. Mimi nilikuwa nachunguza msukumo mdogo, ule usioweza kung'oa kitu. Nao husogeza mpaka, ila kwa ujanja. Chuma kina joto, joto linazitikisa atomu ovyo, huku na huku, bila nia. Mtikisiko mmoja ukipiga mahali panapofaa, kipande cha mpaka kinachomoka, kinaruka mbele, kinanasa tena. Kesho kipande kingine. Ndiyo maana ukiutazama kwa karibu sana mpaka haujanyooka. Umejaa vitumbo na mikunjo, na kila mkunjo ni bahati nasibu iliyotokea. Lakini hurudi nyuma kwa nadra, kwa sababu mtikisiko hauna upande. Msukumo ndio wenye upande.

Hayo niliyajua kwenye kompyuta muda mrefu kabla ya kuyaona nyuma ya nyumba yetu.

Choo chetu cha zamani, kwenye kona, kilikuwa kinajaa, na udongo wa pale ulikuwa umelainika, usingeweza kushika shimo jingine. Mahali pekee palipobaki pa kuchimba choo kipya ni ule ukanda kati ya ukuta wa nyumba na uzio wa fundi. Vyoo vya jumuiya viko mteremkoni, na mama yangu ana magoti mabovu. Akishuka kule hapandi mpaka avutwe mikono. Mama si mtu wa kulia. Aliniambia tu kwamba kufa haogopi sana, ila hataki kujichafua mbele ya watu. Tukakubaliana tutachimba mvua zikiisha.

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, uzio ukainama upande wetu. Fundi alitoka mbio kusaidia, akachimbia nguzo upya pale pale zilipoinamia.

"Pole, mama mwalimu," alisema. "Ni aksida. Tuisimamishe fasi iko."

Kwao aksida ni ajali na fasi ni mahali; sikuona tatizo. Kisha mbuzi wa mtu mmoja waliusukuma walipokuwa wakila majani ya viazi, ukainama, ukasimamishwa ulipoinamia. Watoto waliangusha kipande kwa mpira. Mtu asiyejulikana aling'oa matete akapikie, na yaliyorudishiwa yalirudishiwa mbele kidogo. Kila mara fundi alikuja na pole, na kila mara ilikuwa aksida, na kila mara aksida ilikuwa ya kweli. Nilichochelewa kukiona ni upande wake wa uzio. Aliegemeza benchi la wateja juu ya matete, akarundika viroba vya vibaki vya nguo, akatundika mizigo ya vitambaa kwenye nguzo. Hakusukuma. Aliegemeza tu, mchana kutwa, wiki kwa wiki, akawaachia upepo na mbuzi kazi iliyobaki. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa changu.

Nilikwenda kumuuliza mbele ya wateja wake. Nilijikaza, nikaita kwa adabu.

"Papa, hebu niambie, mpaka wetu uko wapi?"

Alitoa pini mdomoni, akatabasamu. "Mpaka njo mpaka, mama mwalimu. Mpaka fasi itafika!"

Wateja walicheka hadi wakapiga mapaja. Njo yao ni ndio yetu, na neno mpaka ni moja, la kuzuia na la kuendelea, nami maisha yangu yote sikuwahi kuliona hivyo. Yeye alilifungua kama mtu anayefungua mshono. Hata mimi nilicheka, na nilipokuwa nacheka niliona aibu ikinipanda shingoni. Kufikia Jumapili utani huo ulikuwa umefika kanisani. Mama mmoja kwenye kwaya aliniuliza nimefika mpaka gani.

Nilimleta mwenyekiti wa mtaa wetu, mzee wa Kirundi anayependa kuketi kabla ya kusikiliza. Nikamweleza yote: uzio ulianzia pale penye kisiki, sasa uko hapa.

"Nani alimuona akisogeza?" aliuliza.

"Hakuna. Upepo ulisogeza. Na mbuzi."

"Kwa hiyo mshitakiwa ni mbuzi?"

Watu walianza kukusanyika. Nilipaswa kunyamaza, lakini mimi nikikasirika nafundisha. Nikamwambia mzee kwamba upepo unavuma pande zote, na mbuzi hawana siasa, sasa kwa nini uzio unaangukia kwangu tu? Nikamwambia aksida zingekuwa nyingine, mikunjo ya uzio ingekuwa mingine, lakini bado ungekuwa kwangu, kwa sababu kuna mtu ameegemea upande wa pili. Nikataja sumaku. Kosa langu lilikuwa hapo. Nilipotaja sumaku watu waliangua kicheko, na fundi, kwa huruma kabisa, alisema, "Masomo mingi inachokeshaka kichwa, mzee. Tumuombee."

"Labda Mungu anakupunguzia uwanja wa kufagia," mwenyekiti alimalizia, akasimama.

Nilirudi ndani nikafunga mlango. Mama aliniambia kulipiza kisasi si kazi ya binadamu. Nikamjibu kwamba basi mwenye kazi hiyo amechelewa kufika kazini.

Magoti ya mama yalipovimba, nilimpeleka hospitali ya misheni kule Likuni. Aliyemhudumia alisema asichuchumae tena, awekewe kiti chooni, na choo kiwe karibu na kitanda chake. Tulikaa kwa rafiki yangu wa Kauma hadi uvimbe ulipopungua. Siku ya kuondoka nilimwomba rafiki huyo vipande vya nkhadze, ule mmea wenye utomvu mweupe ambao Wamalawi wanapandia mipaka na makaburi. Mbuzi hawauli. Nilivifunga kwenye gunia nikavipakata njia nzima kurudi Dzaleka, nikiwa na furaha mbaya moyoni.

Tulipofika, uzio ulikuwa umeruka. Huko hakuwezi kuitwa kusogea tena. Sehemu ya katikati yote ilikuwa imetuna kuelekea ukuta wetu, na nyuma yake, pale palipokuwa upande wetu zamani, fundi alikuwa na baraza jipya la saruji, lenye paa na pazia, la kupimia akina mama wasiotaka macho ya sokoni. Alitupokea na mkungu mdogo wa ndizi.

"Ile mvula ilipigaka nguvu, mama mwalimu. Aksida. Nikasema, fasi imebaki wazi, tuitengeneze muzuri."

"Asante kwa ndizi," mama alisema.

Mimi ndizi niliwapa mbuzi, wale wale washitakiwa. Kisha nilipanda nkhadze mstari mzima, kipande kwa kipande, nikishindilia udongo kwa kisigino na kumtaja yeye kila nilipokanyaga.

Hazikudumu. Fundi alikwenda kwa mwenyekiti, akasema kwa sauti yake laini kwamba utomvu ule unapofua macho ya batoto, na je, mwalimu anataka batoto bapofuke kwa ajili ya matete? Kila mtu alikubaliana naye, na lililo baya zaidi, hata mimi nilijua utomvu ni hatari. Vipande viling'olewa kwa amri ya mtaa, mchana kweupe, na waliong'oa walikuwa wamevaa glavu alizoshona yeye mwenyewe.

Wiki hiyo niliandika sura ya mwisho ya tasnifu. Sikuwa na raha ya kuandika, ila hasira ina faida yake, haisinzii. Swali la sura hiyo lilikuwa: mpaka unaotambaa unasimamishwa na nini? Nilikuwa nimejaza kompyuta kasoro ndogo ndogo nyingi, nikauachia mpaka utambae kati yake. Ulizipita zote. Ulinasa hapa, ukatikiswa, ukachomoka, ukanasa pale. Kasoro ndogo zilibadilisha umbo la mpaka tu. Mikunjo iliongezeka, ikapendeza, na mpaka ukaendelea na safari. Nikaona nkhadze zangu mle ndani.

Kisha nikaweka kasoro moja, yenye kina. Katika hesabu zetu kasoro ni shimo ambalo mpaka unatumbukia, na mtikisiko ndio unaoutoa. Kina kikiongezeka maradufu, muda wa kungoja hauongezeki maradufu tu. Unajizidisha wenyewe, mpaka uzio wa matete na mwenye uzio na wajukuu wake wanakuwa wameoza bado mtikisiko unaofaa haujaja. Pande zote mbili mpaka uliendelea kutuna, lakini pale kwenye shimo uligota. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu. Halafu nikainua macho, nikatazama nje kupitia mlango wa nyuma.

Shimo lenye kina. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo shimo la kuchimba.

Kesho yake nilikwenda kwa mwenyekiti nikiwa nimevaa vizuri. Sikutaja sumaku. Nilimwambia mama anahitaji choo, hospitali imesema, nami naomba mtaa utuonyeshe pa kuchimba, nisije nikavunja utaratibu. Alifurahi kuombwa. Alikuja na majivu kwenye kopo. Utaratibu wa afya hapa kila mtu anaujua: shimo likae mbali na ukuta wa nyumba kadiri nafasi inavyoruhusu. Mzee alisimama ukutani, akatembea kuelekea uzio, akafika upesi kuliko alivyotarajia. Akageuka kunitazama. Nilitazama chini kama mtoto wa kipaimara.

"Hakuna nafasi nyingine?"

"Ndiyo hii iliyobaki, mzee."

Alimwaga majivu chini kabisa ya uzio, pale pale ulipotuna. Hatua moja nyuma ya majivu, upande wa pili wa matete, lilikuwa pazia la baraza la fundi.

Fundi alitoka, futi shingoni. Aliyatazama majivu, akanitazama, na kwa mara ya kwanza sikuona tabasamu.

"Mzee, hapa? Hapa iko fasi ya kupimia bamama! Batapima robe, nguo zao, na hii harufu?"

"Afya, papa," nilisema. "Ni sheria ya afya."

"Basi bachimbe karibu na nyumba yao!"

"Ungetuachia nafasi, tungekwenda mbali nawe," nilimjibu. "Ni wewe umekuja."

Kwa sauti laini kama yake nikaongeza kwamba anaweza pia kuurudisha uzio palipokuwa. Hakuweza, na alijua hawezi. Baraza la saruji lilikuwa limekaa juu ya nafasi yake ya kurudi nyuma. Mwenyekiti alikohoa, akafunika kopo lake, akasema majivu yameshamwagwa.

Aliyechimba alikuwa mwanamume wa kijiji cha jirani, Mchewa mwenye mabega mapana. Kila alipofika kina cha kawaida alipaza sauti kutoka shimoni, "Basi, amayi?" nami niliinama nikasema bado. Aliendelea. "Basi?" Bado. Alipotoka alinitazama kama mtu anayejiuliza tunazika nini humo. "Zikomo," nilimshukuru kwa Kichewa, na nilimaanisha.

Tulijenga kwa matofali ya kuchoma. Ukuta wa nyuma wa choo ukachukua mahali pa matete, nguzo za uzio zikafungiwa humo kwa waya. Ndani niliweka kiti cha mbao alichotengeneza seremala, chenye pa kushikia mikono. Bomba la hewa lilitokea upande wa nyuma, likaishia usawa wa pazia la fundi. Ningeweza kulipandisha juu zaidi. Sikulipandisha.

Asubuhi ya kwanza mama aliingia mwenyewe, akakaa, akafunga mlango. Nilimsikia akiimba wimbo wa kanisa humo ndani, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Nilisimama nje nikishika ukuta. Moyo wangu ulikuwa umejaa mambo mawili, na siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa.

La pili lilikuwa hili: joto lilipopanda, akina mama walianza kutoka nyuma ya pazia wakiwa wamejiziba pua na kanga. Fundi alinyunyiza dawa. Alichoma majani ya mkaratusi. Alitundika vitambaa vizito. Mwishowe alihamisha vipimo mbele, kwenye macho ya sokoni, na baraza la saruji likawa stoo ya vibaki. Nilikuwa nasikia sauti yake ikibembeleza wateja kule barabarani, nami huku nakoroga uji, nakoroga zaidi ya inavyohitajika. Mimi ni Mkristo na ninajua nilivyopaswa kujisikia. Nilijisikia vizuri.

Uzio uliendelea na tabia yake. Kulia na kushoto kwa choo ulizidi kutuna, kwa upepo, kwa mbuzi, kwa uzito wa viroba alivyoshindwa kuacha kuviegemeza. Kwenye choo ulikuwa umekwama. Siku moja nilipanda kule juu ambako kambi yote inaonekana, nikaupiga picha, nikaituma kwa msimamizi wangu wa tasnifu, mtu ambaye sijawahi kukutana naye. Alijibu kwamba umbo la mpaka ni zuri sana, akauliza nimetumia programu gani.

Msimu uliofuata mvua zilikuwa kali. Asubuhi moja tulisikia kishindo upande wa pili, na baadaye sauti ya mke wa fundi ikisema choo chao kimekwenda chote, ukuta na paa, ndani ya shimo. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa nafagia uwanja wa nyuma. Haukupita muda nikaona vidole vinene vikitenganisha matete, na jicho.

"Mama mwalimu." Sauti ilikuwa laini kuliko siku zote. "Choo yetu ilianguka."

"Aksida," nilisema.

"Njo aksida." Tumbo lake lilinguruma, nikalisikia. "Saidia, mama. Nitoe tu tete mbili, tatu, hapa, nipite mara moja. Kisha nitazirudisha fasi yake."

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo bila kujua ingekuwa na sura gani. Niliegemea ufagio.

"Mpaka njo mpaka, papa," nilimwambia. "Zunguka."

Vidole vikatoka kwenye matete. Nilimsikia akienda, kwanza kwa hatua za mtu mzima, halafu za haraka. Nilikwenda mlango wa mbele ili nimuone akitokea. Alitokea kule kisimani, foleni nzima ya ndoo ikamgeukia. Alipita katikati yao, futi ikirukaruka shingoni, mkono mmoja kwenye mkanda, akiitikia salamu bila kusimama. Akapanda kilima chetu. Nilifurahi. Nalisema wazi, sijawahi kufurahi hivyo tangu nije nchi hii.

Nilidhani nitamsimamisha mlangoni kidogo, anieleze tena maana ya neno. Lakini mama alikuwa ameshatoka na fimbo yake, ameshafungua kufuli ya choo, na ameshaning'iniza ndoo ya maji.

"Ingia, ndugu yangu," alimwambia. "Tumbo haina mpaka."

Alikaa humo kwa muda. Alipotoka hakututazama usoni. Alimshukuru mama kwa mikono miwili, akakifuta kizingiti kwa mguu. Kisha, kwa mazoea, alielekea kwenye uzio, ambako nyumba yake ilikuwa hatua chache tu. Alifika kwenye matete akasimama. Mkono ulinyanyuka, ukabaki hewani.

Akageuka, akatupita tena, akashika njia ya kisima.